Neno "sijambo" lilivyotugharimu miezi 19

Swali la kwanza aliloulizwa baba watoto siku ya ukaguzi wa mafao ya ulemavu hapa Uingereza wala halikuonekana kuwa swali. Mama wa kwenye simu alitaka kujua anaendeleaje. Mkalimani akalileta kwa Kiswahili: "Habari za leo, mzee?" Naye, kakaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine, akajibu kama alivyolelewa kwao Majengo, Mombasa: "Alhamdulillah, nafuu."

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Sikushtuka hata kidogo. Angejibu vingine ndipo ningeona haya.

Ripoti ilipotufikia, ilisema kwamba mteja mwenyewe ameeleza kuwa hali yake imekuwa bora. "Nafuu" yetu ilikuwa imegeuka "amepata ahueni", na haikurudi tena. Kwetu mtu yuko mahututi, ndugu wamejaa ukumbini, na akiulizwa hali anasema "sijambo kidogo". Kila anayemsikia anajua maana yake ni kwamba bado anapumua. Neno lenyewe "sijambo" ni kusema sina jambo, sina neno la kukusumbua nalo. Basi hebu fikiria lugha ya namna hiyo inapofika mbele ya mtu anayelipwa kuandika jambo lako, na usipokuwa na jambo anaandika sifuri.

Naandika haya kwa sababu tangu tumalize kuyafuatilia mafao hayo nimepigiwa simu na watu wanne, wawili sijawahi kuwaona, wote wakiuliza "nyinyi mlifanyaje?" Nimechoka kueleza kwa simu, na tena kwa simu nasahau nusu.

Tunaishi Leicester tangu 2003 na tuna uraia wa Uingereza. Uraia nautaja mapema kwa makusudi. Viza nyingi za kazi na za masomo zina sharti kwamba huruhusiwi kupokea fedha za umma, na mtu akiomba bila kujua anaweza kujiharibia makaratasi yake. Kama uko kwa viza, soma masharti yake kwanza, muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, halafu ndiyo uendelee na kisa changu.

Februari 2022 mume wangu alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku bohari alikokuwa akipakia mizigo. Alikaa kwenye kochi avue viatu, kamba zikamshinda. Nikadhani ni usingizi. Alipotaka kuniambia kitu, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Alikuwa na miaka 52. Hospitali walimshughulikia vizuri, Mungu awalipe, na baada ya wiki tano alirudi nyumbani na fimbo, mguu wa kulia unaburuta, mkono wa kulia hauna kazi. Na Kiingereza chake, alichokitumia kazini miaka 19, kikawa kimeondoka karibu chote. Kiswahili kilibaki, kwa vipandevipande.

Filamu ya "I, Daniel Blake" tulikuwa tumeiona miaka kadhaa nyuma. Ni ya mwaka 2016, ameiongoza Ken Loach, ikashinda tuzo kubwa kabisa pale Cannes. Fundi seremala wa Newcastle, miaka 59, moyo umemletea matata kazini, daktari wake kamkataza kufanya kazi. Lakini mkaguzi wa mafao anampa alama 12 wakati zinazotakiwa ni 15, kwa hiyo kwa macho ya serikali yeye ni mzima. Inaanza kwa skrini nyeusi, unasikia sauti tu: mama anauliza unaweza kuinua mkono kama unayevaa kofia, na fundi anamjibu kwamba tatizo lake ni moyo, mikono haina shida. Baba watoto alicheka sana pale fundi anaposubiri kwenye simu muda mrefu kuliko mechi ya mpira. Mimi nililia, kisha nikaosha vyombo nikalala. Nilikihesabu kuwa kisa cha wazungu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kukaa kimya. Malipo ya serikali tuliyostahiki yanaitwa PIP (Personal Independence Payment). Ni ya mtu mwenye maradhi au ulemavu unaomzuia kujifanyia mambo ya kila siku au kutembea, na hayaangalii una kipato au huna, wala kama unafanya kazi. Sharti ni kwamba shida iwe imekuwepo miezi 3 na itarajiwe kuendelea angalau miezi 9 mingine. Tarehe inayohesabiwa ni ile uliyopiga simu ya kwanza kuomba. Muuguzi alituambia habari hiyo mwezi Machi. Tulipiga simu Juni. Kwa nini? Kwa sababu mume wangu alisema, "Mie si ombaomba," na mie nikanyamaza, tena moyoni nilikubaliana naye. Wiki zile tulizipoteza na hazilipwi.

Kosa la pili linaniuma zaidi, nalo halihusu pesa. Mwanzoni binti yetu wa miaka 17 ndiye aliyekuwa mkalimani. Hospitali, kwenye simu, kila mahali. Siku moja mtu wa ofisini akauliza kama baba anaweza kwenda haja na kujisafisha mwenyewe. Binti akalisikia swali, akamwangalia baba yake, akajibu kwa Kiingereza bila kututafsiria. Baba mtu alijua tu kwa uso wake kilichoulizwa. Siku mbili nzima hakumwangalia mwanawe machoni. Jamani, ukiomba mkalimani unapewa, na hulipi senti: wakati wa kupiga simu, wakati wa ukaguzi, na hata kwenye baraza la rufaa. Omba mapema na utaje Kiswahili cha wapi. Sisi wa kwanza tuliyeletewa alikuwa wa Lubumbashi. Mtu mzuri, mpole, lakini mume wangu mwenye maneno yake machache ya Mombasa alimpoteza, naye akatupoteza.

Halafu ikaja fomu. Kurasa nyingi, na unapewa mwezi mmodi kuirudisha. Niliijaza usiku mmoja baada ya kazi (nafanya kazi jikoni katika shule, saa chache), na niliijaza kama mke anayemsitiri mumewe. Anavaa mwenyewe? Ndiyo. Anakula mwenyewe? Ndiyo. Anaoga? Ndiyo, polepole. Sikuandika uongo hata mmoja. Ila kila "ndiyo" ilikuwa na mlango nyuma yake ambao sikuufungua.

Chukua hilo la kuvaa. Tangu arudi hospitali alikuwa akivaa kanzu tu. Mashati yake yote yananing'inia kabatini. Watu msikitini walidhani ugonjwa umemrudisha kwa Mola, wakawa wanamsifu. Ukweli ni kwamba kanzu inaingia kichwani, na shati lina vifungo saba. Hiyo kanzu yenyewe mimi ndiye niliyekuwa nikimwekea begani na kumvutia mkono wa kulia. Lakini niliona nimemwambia ukweli mwenye fomu: anavaa.

Na kula. Fomu inauliza kuhusu kukata chakula, na nyuma ya swali lile utaona kabisa kuna mtu ameshika uma na kisu. Sisi tunakula kwa mkono. Nikaandika haina shida. Sikusema kwamba mkono wa kulia ndio uliokufa, kwamba anakula kwa wa kushoto na ndiyo maana hali tena mbele ya wageni. Sikusema kwamba samaki namtolea miiba kama mtoto, na nyama namchambulia kwanza. Kama na nyinyi mnakula hivyo, usisubiri fomu ikuulize. Andika miiba. Andika nyama. Andika wali unaomwagika. Aliyeitunga fomu hajawahi kukaa kwenye mkeka wako.

Wakati huo pesa zilikuwa zimebana kweli. Mwajiri alilipa malipo ya ugonjwa ya kisheria, kama pauni 99 kwa wiki, na hayo yana mwisho: wiki 28. Yalipokwisha tukaomba Universal Credit, malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Hapa nitapita haraka maana kila mtu anaijua, isipokuwa mambo mawili ambayo watu wetu hukwama nayo. Moja, malipo ya kwanza huja baada ya wiki tano hivi. Unaweza kuomba uletewe kitu mapema, lakini huo ni mkopo. Tulichukua, wakawa wanaukata kila mwezi kutoka kwenye malipo yenyewe ambayo hayakutosha tangu mwanzo. La pili ni mali ya nyumbani. Akiba ikizidi pauni 16,000 hupati, na inayohesabiwa si ya benki peke yake. Kiwanja cha Mtwapa nacho kinahesabiwa. Chetu ni kidogo na tulikitaja. Najua watu waliokaa kimya kuhusu nyumba za Kilifi na Tanga, na najua mmoja aliyetakiwa kurudisha kila alichopokea. Sisemi zaidi.

Nyongeza hapohapo: ukisafiri kwenda nyumbani, Universal Credit kwa kawaida huvumilia mwezi mmoja tu, PIP wiki 13. Toa taarifa kabla hujapanda ndege. Usidhani hawajui.

Kati ya wiki zile tano kuna siku nilikwenda kuchukua chakula cha msaada. Huendi tu ukabisha hodi. Kituo kile kilitaka uwe na vocha, na mimi nilipewa na kliniki. Nilivaa baibui langu jipya, sijui kwa nini, labda nilitaka waone sikuzoea. Mama mmoja mtu mzima alinipeleka rafu kwa rafu akiniuliza tunakula nini na hatuli nini. Nilipofika kwenye makopo ya maharage nikakumbuka filamu. Mle ndani yumo Katie, mama wa watoto wawili aliyehamishiwa Newcastle kutoka London, amejinyima ili watoto wale. Akiwa kwenye kituo kama kile anafungua kopo palepale na kula kwa mkono, kisha analia kwa aibu. Mie sikuwa na njaa ya kiasi hicho. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya kopo na ulikuwa unatetemeka.

Maharage yale yako kwenye sosi ya nyanya tamu kama jamu. Nyumbani niliyamimina kwenye chujio, nikayaosha mpaka maji yakawa meupe, nikayapika kwa tui la kopo, kitunguu na pilipili mbuzi. Mwanangu wa miaka 11 akasema, "Leo ndiyo umepika maharage ya nazi ya kweli." Sikumwambia.

Sasa turudi kwenye simu ya "nafuu". Ilikuwa Novemba. Barua ya uamuzi ilifika Januari 2023. Alama 6 kwa maisha ya kila siku, alama 4 kwa kutembea. Kila upande unahitaji 8 ili upate kiwango cha chini, na 12 kwa kiwango cha juu. Hivyo hatukupata kitu. Mume wangu aliitazama barua, akaniuliza imesemaje, nikamwambia wanasema umepona. Akacheka kile kicheko chake kipya, cha upande mmoja. "Basi nirudi kazini," akasema. Aliyasema yote kwa mkupuo, sentensi ndefu kuliko zote alizotamka mwezi ule.

Ukipata barua kama hiyo una mwezi mmoja kuandika kutaka uamuzi utazamwe upya na ofisi ileile. Tuliandika. Niliandika kwa hasira, ukurasa mzima wa jinsi walivyo hawana huruma, na ushauri wangu ni kwamba hasira haina alama. Mwezi Mei wakajibu: alama zilezile 6 na 4. Wengi huambiwa hapana hapa, na wengi huishia hapa. Nami nilitaka kuishia hapa. Aliyenizuia ni dada mmoja wa msikitini, Msomali, mumewe ana ugonjwa wa figo. Akaniambia, "Wewe hujaanza bado." Akanipeleka kituo cha ushauri wa bure (Citizens Advice wanavyo miji mingi, na baadhi ya makaunsili wana washauri wao wa mafao). Kama kuna kitu kimoja ningefanya mapema, ni kile.

Mshauri alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Hakuuliza mume wangu anaendeleaje. Aliuliza: "Jana, tangu aamke mpaka atoke chumbani, kulitokea nini?" Nikamweleza. Alikuwa akiandika na kunisimamisha. Dakika ngapi? Ulikuwa wapi? Ungekuwa hupo? Mara ngapi kwa wiki? Saa nzima tulikuwa bado hatujatoka chumbani.

Ndiye aliyenifundisha kanuni ambayo ingetuokoa tangu siku ya kwanza. Kisheria, "anaweza" haihesabiwi mpaka itimize mambo manne: aweze kwa usalama, aweze vizuri kiasi cha kukubalika, aweze kurudia kila inapohitajika, na asitumie zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ugonjwa huo. Na iwe hivyo katika zaidi ya nusu ya siku zote. Mtu anayefunga vifungo kwa dakika 25 kisha akalala kwa uchovu, kwa sheria hiyo, hawezi kufunga vifungo. Nikasema, "Lakini anafunga." Kijana akasema, "Anafunga. Na hawezi." Nilikaa na sentensi hiyo kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo.

Akanipa kazi: daftari la wiki mbili. Nilinunua la shule, la mistari. Asubuhi, mchana, usiku. Nilipoanza kuandika nikagundua ni kiasi gani nilikuwa nimekwisha kusahau kuwa nakifanya. Udhu, kwa mfano. Mara tano kwa siku nasimama na jagi nikimmiminia maji, naye anaosha kwa mkono mmoja, na mkono ule wa kushoto nani atauosha? Mimi. Nilikuwa naliona kama sehemu ya ndoa. Siku ya nne nimeandika: "Ameungua kidole kwenye sufuria, hakusikia moto, nimeona lengelenge jioni." Siku ya tisa: "Ameanguka bafuni. Amesema tusiandike." Niliandika, na usiku ule tukagombana.

Aliniambia namvua nguo mbele za watu. Sina jibu zuri mpaka leo. Nilimwambia kwamba sitara tuliyokuwa nayo inalipwa na watoto, na hilo lilikuwa neno kali kuliko nilivyokusudia. Asubuhi yake alilichukua daftari kwa mkono wa kushoto, akalifungua mwenyewe ukurasa wa siku ya tisa, akaweka kidole pale, akasema, "Mara mbili." Alikuwa ameanguka mara mbili. Ya pili sikuijua.

Mengine ya makaratasi: piga simu uombe ripoti ya mkaguzi, wanaituma bure, na ndipo tulipoikuta "nafuu" yetu. Tafuta barua ya mtu anayemjua mgonjwa akiwa nyumbani. Yule mtaalamu aliyekuja kutufungia vishikio bafuni na kumfundisha kuvaa upya aliandika kurasa mbili zilizosaidia kuliko barua tatu za daktari, maana daktari anaandika jina la ugonjwa na alama hazitolewi kwa jina la ugonjwa. Kila unachotuma toa nakala. Ukituma kwa posta, chukua risiti ya kutuma. Bahasha yetu moja walisema hawakuiona, risiti ndiyo iliyosema kwa niaba yetu.

Rufaa yenyewe ni bure, na muda wake ni mwezi mmoja tangu jibu la kutazamwa upya. Chagua kwenda mbele ya baraza, usikubali waamue kwa karatasi tu. Rufaa za PIP zinazosikilizwa huishia zaidi ya nusu kwa ushindi wa mwombaji, na ningeyajua haya Januari nisingelia vile. Tulisubiri mpaka Januari 2024. Miezi ile tuliishi kwa deni: chama chetu cha akina mama, dada yangu wa Nairobi, na mwenye duka wa mtaani ambaye hakuwahi kuniuliza lini.

Siku yenyewe tulifika mapema mno. Mume wangu alivaa kanzu. Nilimwambia avae shati ili nimfunge vifungo, akakataa, na alikuwa sahihi. Tulikaa kwenye viti vya kijivu na mkalimani wetu, safari hii mama wa Kilindini aliyemwamkia kwa "shikamoo kaka" mpaka nikacheka. Zikiwa zimebaki dakika kumi, mume wangu akasema anataka kwenda msalani.

Walioiona ile filamu wanajua. Fundi Daniel anafika kwenye rufaa yake na barua aliyoiandika mfukoni, anaomba aende msalani kwanza, na hatoki hai. Nilisimama nje ya mlango wa wanaume kama askari. Nilihesabu. Kijana mmoja akaja kutaka kuingia, nikamwambia kwa Kiingereza changu mume wangu yumo, tafadhali mwangalie. Akaingia, akatoka, akasema yuko sawa, anaosha mkono. Akasema "mkono", mmoja. Nikamshukuru mpaka akaona ajabu. Baba watoto alipotoka aliniuliza kwa nini natoka jasho na ni Januari.

Chumba hakikuwa cha kutisha. Meza, maji, watu watatu: jaji, daktari, na mtu wa tatu anayejua mambo ya ulemavu. Daktari ndiye aliyeuliza kuhusu kanzu. Alimwambia ni vazi zuri, akauliza kama hulivaa kila siku au amelivaa kwa ajili ya leo. Mume wangu akanitazama. Nilikuwa nimeonywa nisimjibie, nikatazama glasi yangu. Kimya kikawa kirefu. Kisha akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaunyanyua, akauweka juu ya meza mbele yao, akasema, "Vifungo." Halafu tena, "Vifungo. Haviwi." Mkalimani akatafsiri maneno matatu yale bila kuongeza kitu, na kwa hilo namuombea dua.

Jaji akauliza: "Na leo unajisikiaje?" Wallahi nilifumba macho. Nikasikia: "Alha..." akaacha. Akaanza upya. "Vibaya," akasema.

Tulitoka dakika 40 baadaye. Uamuzi walitupa siku ileile: alama 13 kwa maisha ya kila siku, 10 kwa kutembea. Nne za kupika, mbili za ile nyama na miiba, tatu za kuingia na kutoka bafuni, nne za kanzu. Kwa viwango vya mwaka ule ni pauni 101.75 kwa wiki kwa upande mmoja na 26.90 kwa mwingine, kuhesabiwa nyuma mpaka Juni 2022. Zilipoingia zilizidi pauni 10,000. Nililipa chama pauni 2,300, nikamlipa dada, nikamlipa mwenye duka. Nilimpelekea pesa kwenye bahasha akaikataa bahasha, akachukua pesa, akasema bahasha utaihitaji. Ukipata PIP ya maisha ya kila siku, anayekuhudumia saa 35 kwa wiki au zaidi naye aangalie malipo ya mhudumu, aombe ndani ya miezi 3 tangu uamuzi ili asipoteze ya nyuma. Yana ukomo wa mshahara, na ukiwa kwenye Universal Credit hesabu zinaingiliana, kwa hiyo mpelekee mshauri kabla hujajaza.

Furaha? Sijui niiite nini. Usiku ule hakula. Nilidhani amechoka. Akasema kwamba amekaa mbele ya watu watatu wazima akawaomba waamini kwamba yeye si mtu tena. Hakusema hivyo kwa maneno hayo, hana maneno hayo sasa. Alisema, "Wameamini," akageukia ukuta. Hili watu hawakuelezi wanapokupongeza. Ukishinda, umeshinda kwa kuthibitisha kitu ambacho nyumba nzima ilikuwa ikijitahidi kisionekane. Msimwache mgonjwa peke yake wiki ile. Sisi tulimwalika rafiki yake wa zamani wa bohari, wakaangalia mpira, hawakuzungumza lolote, ikasaidia.

Malipo haya si ya maisha. Mwezi uliopita imekuja fomu nyingine, ya kuangaliwa upya. Safari hii nilimwita mshauri siku ileile, nikatoa daftari jipya, na tukakaa mezani wote wawili, yeye kavaa shati. Amefika hapo, anataka mashati. Mie nafunga vya juu, yeye anapambana na cha chini. Nikamsomea swali la kula. Nikasubiri. Alikuwa anamchambua samaki kwa kidole kimoja kwenye sahani, anamsukuma huku na huku.

"Andika miiba," akasema.